Mwegemeo wa Kushoto

Jumatatu ya mtihani wa vitendo, saa tatu na robo asubuhi, Fundi wa Makoti aliingia katika ukumbi wa hadubini na kikapu cha makoti meupe ishirini na mawili aliyokuwa ameyatia vifungo na viraka. Hakutakiwa kupita humo. Alitakiwa kupita koridoni, lakini korido ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki, na mpiga deki alimtupia lile jicho ambalo kila mwenye viatu analijua. Basi akavua ndala, akazishika mkononi, akakata katikati ya meza kuelekea stoo. Wanafunzi arobaini walikuwa wameinamia hadubini zao wakichora. Alikwenda pole pole, kwa adabu, asimsumbue mtu. Alipofika mlango wa stoo, wanafunzi thelathini na wanne walikuwa wamekwisha feli.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa swali moja kubwa. Kila mwanafunzi aliwekewa Slaidi ya Kumi na Nne, akaambiwa: chora unachokiona. Wakachora walichokiona, na kosa lao lilikuwa hapo.

Slaidi ya Kumi na Nne ni tishu unganishi changa ya mtoto ambaye hajazaliwa. Ukiishika mkononi unaona doa la waridi kwenye kioo, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukiiweka chini ya lenzi unaona uwanja mpana wa ute, karibu mtupu, wenye rangi ya maji yaliyosuuziwa kitambaa chekundu. Ndani ya ute huo seli zimekaa mbalimbali. Kila moja ina kiini kikubwa kilichofifia, na mwili mdogo uliotoa mikono mitatu, minne, hata mitano, myembamba, kama nyota iliyochorwa na mtoto. Mikono hiyo hugusana ncha kwa ncha na ya jirani. Nyuzi ni chache mno na hazijajipanga. Kwa mtu mzima uwanja wote huo ungekuwa umejaa nyuzi, kila moja na kazi yake, lakini hapa kazi zilikuwa hazijagawiwa. Seli hizi zingekuja kuwa mfupa, gegedu, mafuta, kano, kuta za mishipa. Hazikuwa chochote kati ya hivyo, kwa kuwa zilikatwa zikiwa na miezi mitano.

Ukumbi mzima slaidi hizo zilikuwa themanini, zote kutoka kipande kimoja. Na zote, tangu siku zilipotengenezwa, mikono ya seli zake ilikuwa imeegemea kushoto.

Aliyegundua hilo alikuwa Profesa, miaka ishirini na minane iliyopita, akiwa bado mhadhiri msaidizi mwenye suti moja na tamaa tatu. Alichungulia, akaona mikono yote imelala upande mmoja kama majani shambani. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Yeye hakujiuliza, maana mtu anayejiuliza kwa nini huchelewa kupandishwa cheo. Alichukua penseli, akachora, akaandika makala yenye kichwa kirefu kuhusu Mwegemeo wa Kushoto katika Tishu Unganishi Changa, na makala hiyo ikambeba mpaka kwenye uprofesa na ofisi yenye zulia. Wanafunzi wakambatiza jina la Profesa Kushoto. Alipolisikia alivimba kichwa, akadhani ni heshima.

Mchoro wake ulikuwa umebandikwa juu ya ubao, ndani ya fremu, na ulikuwa ndio mwongozo wa kusahihishia. Seli saba, mikono kushoto.

Sasa Jumatatu ile mikono haikukaa kushoto. Fundi alipoingia mlango wa nyuma, ilielekea mlango wa nyuma. Alipokata katikati ya meza, ikageuka pamoja naye taratibu, hadubini baada ya hadubini. Alipoingia stoo na kufunga mlango, ikatulia kuelekea stoo. Wanafunzi walifuta, wakachora, wakafuta tena. Mmoja alichora mishale pembeni na kuandika, "Zinageuka." Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza, kwa sababu mtihani ulikuwa na dakika ishirini tu na hakuna maksi za kuuliza.

Wale sita waliofaulu walikuwa wameukariri mchoro wa Profesa nyumbani, wakaja kuumwaga kwenye karatasi bila kusumbuka na lenzi. Aliyepata maksi za juu kuliko wote hakuwa amewasha taa ya hadubini yake.

"Kizazi hiki hakina macho," Profesa alisema, akikung'uta rundo la karatasi. "Unampa mtu kifaa cha kisasa, anakuletea madudu." Akaamuru thelathini na wanne warudie mtihani baada ya wiki saba.

Mama Vioo alikuwa pale pembeni akisikiliza. Yeye ndiye fundi wa maabara: hugandisha vipande vya mwili ndani ya nta, huvikata kwa mashine vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, huvitia rangi, huvibandika kwenye vioo. Kazi hiyo ameifanya tangu akiwa na miaka ishirini na mitatu, na sasa ana hamsini na mmoja. Wakati wa mtihani alikuwa amechungulia hadubini mbili tatu, akaona kilichotokea. Hakushangaa. Kabatini mwake kulikuwa na slaidi za ini la mlevi mmoja ambazo kila Ijumaa hunuka pombe, na alikwisha zoea kufungua dirisha. Alichotaka kujua ni mikono ile inamfuata nani.

Kesho yake Fundi alipokuja kuchukua makoti mengine, Mama Vioo alimwita ndani.

"Dada, hebu zunguka hii meza."

"Nizunguke vipi?"

"Zunguka tu, kama mtu aliyeangusha sindano."

Fundi akazunguka, macho chini, akitafuta sindano ambayo haikuwepo. Mama Vioo akiwa ameinamia lenzi aliona mikono ikizunguka naye. Akamwambia aende dirishani, ikaenda dirishani. Akamwambia atoke nje, ikamfuata nje. Hadubini hugeuza picha, kulia ikaonekana kushoto, kwa hiyo alilazimika kuhesabu kinyume mara kadhaa kabla ya kuridhika. Kisha akavuta droo ya chini kabisa, akatoa daftari la sampuli lenye jalada lililoliwa na mende, akatafuta kumi na nne. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, wa wakati ule alipokuwa bado anapamba herufi. Kijusi, miezi mitano. Wodi ya Wanawake, kitanda cha tisa.

"Uliwahi kulazwa hospitali hii?" aliuliza.

Fundi akaweka kikapu chini. "Mara moja. Zamani sana."

"Kitanda gani?"

"Cha tisa. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kila nikigeuka kinagonga sakafu." Akamtazama Mama Vioo. "Umejuaje?"

"Mtoto walikwambia wamempeleka wapi?"

"Nesi aliniambia, mama, wewe nenda kapumzike, sisi tutashughulikia."

Na kweli walishughulikia. Walimtia kwenye chupa ya fomalini, wakamteremsha ghorofa moja hadi Idara, Idara ikachagua sehemu ya mgongo iliyopendeza, na kilichobaki kikaenda kwenye tanuri la hospitali pamoja na bandeji. Ile sehemu ya mgongo ikawa vioo themanini. Hakuna aliyepanda ngazi kumwuliza mwanamke wa kitanda cha tisa kama ana la kusema. Ngazi zenyewe ni kumi na sita, anayetaka akazihesabu.

Mama Vioo alimweleza yote hayo bila kuzunguka.

"Niliyemkata ni mimi. Nilikuwa mgeni kazini. Niliambiwa kata, nikakata. Nisamehe, dada yangu."

Fundi akauliza, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Mama Vioo akaliangalia tena daftari, ingawa alijua. Lilikuwa na safu ya namba, safu ya tarehe, safu ya rangi iliyotumika, safu ya unene wa kipande. Safu ya hilo halikuwa nayo.

"Sijui," alisema.

"Naweza kumwona?"

Akamsogezea kiti, akamwonyesha pa kuweka jicho na kitufe cha kuzungusha. Fundi ana macho ya mtu aliyetunga uzi miaka yote hiyo, hakupata shida. Alitazama sana.

"Mbona mimi naona madoa tu? Umesema kuna mikono."

Mama Vioo akachungulia kwenye hadubini ya jirani, akafikiri, akaelewa. "Umemwinamia," alisema. "Ameinua mikono juu, huko uliko wewe. Ukiitazama kwa ncha inaonekana nukta. Watu wengine wote tunaiona ubavuni."

"Kwa hiyo mimi sitaiona."

"Wewe hutaiona, dada."

"Haya," Fundi alisema, na hakuondoa jicho. Mama Vioo akaenda kuosha vioo. Aliosha beseni zima, akavipanga juu ya kitambaa, vikakauka, na Fundi alikuwa bado ameinama. Alilia pale pale kwenye lenzi, na Mama Vioo hakumwambia kwamba chumvi huharibu kioo.

Alichotaka Fundi kilikuwa kitu kimoja, na alikisema siku hiyo hiyo: apewe mwanawe akamzike. Hakupata mtoto mwingine. Wifi yake, mama wa watoto sita na mdomo unaofanya kazi ya midomo kumi, alikuwa akitangaza kila ukoo ulipokutana kwamba ile mimba haikuwepo, eti alijifunga matambara. Kaburi liko wapi? Cheti kiko wapi? Mwaka wa nne mume naye akaanza kuuliza kaburi liko wapi, mwaka wa tano akafungasha. Wanawake wa rika lake wote mtaani wanaitwa kwa majina ya watoto wao, mama fulani, mama fulani, naye mpaka leo ni Fundi.

"Lakini hata wifi angepoteza sauti leo," alimwambia Mama Vioo, "bado ningemtaka. Si wa kumwonyesha mtu. Ni wangu."

Akaandika barua. Mama Vioo alimsaidia kuweka "Yahusu" na kupiga mstari chini yake, maana bila mstari haisomwi. Idara ikajibu kwamba sampuli zilitoka hospitalini, kwa hiyo aonane na hospitali. Hospitali ikajibu kwamba sampuli ziko chuoni, kwa hiyo aonane na chuo. Chuo kikajibu kwamba mambo ya sampuli ni ya Idara. Alipigwa danadana wiki tatu, na kila ofisi ilimkaribisha kiti kwa heshima zote na kumwambia pole na safari. Safari gani? Ofisi hizo tatu zinatazamana.

Mwisho wake suala lake liliingizwa katika kikao. Ajenda ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, ya pili mapazia ya ukumbi wa mikutano, ya tatu maegesho ya magari ya wakuu wa idara. Mtoto wa Fundi alikuwa kwenye Mengineyo.

Kikao kiliongozwa na Naibu Mkuu wa Chuo, mtu mpole ambaye hajawahi kukataa jambo wala kulikubali. Palikuwa na Katibu wa kuandika, Profesa, na wakuu wa idara wawili waliokuja kwa ajili ya maegesho. Mama Vioo aliweka hadubini juu ya meza, kando ya chupa za maji. Fundi akaombwa atembee. Alitembea toka dirishani hadi mlangoni, akatoka, akarudi, akapita nyuma ya viti vyao. Wakachungulia mmoja mmoja.

"Aa. Kweli," Naibu Mkuu alisema. "Zinamfuata." Akafuta miwani, akampisha mwenzake.

Hakuna aliyebisha kwamba zinamfuata. Katibu akaandika: wajumbe walijionea. Kisha Katibu huyo huyo akainua kalamu.

"Mama, una kielelezo chochote kinachoonyesha kwamba ni wako?"

"Si mmeona wenyewe sasa hivi?"

"Tumeona, mama, hatukatai. Nauliza karatasi."

Mama Vioo akaomba nafasi ya kusema. Alisema kwamba dirisha la kulia la ukumbi wa hadubini linatazama Wodi ya Wanawake, na Profesa alichora mchoro wake wiki ile ile ambayo huyu mama alikuwa bado amelazwa. Baadaye huyu mama alipanga chumba cha cherehani ng'ambo ya stendi, upande huo huo wa kulia, na hajahama. Lenzi inageuza. Kwa hiyo tishu changa haina mwegemeo wa kushoto, hapa wala popote. Mtoto huyu mmoja alikuwa na mwegemeo wa mama yake.

Mtu mwenye haya hata kidogo angetazama viatu vyake. Profesa alitoa kijitabu mfukoni, akaandika mistari miwili mitatu.

"Mchango mzuri sana," alisema. "Unathibitisha kwamba mwegemeo upo. Nilikuwa nikitafuta chanzo chake." Mwaka huo huo alitoa makala ya pili, na mwishoni mwake, kwa herufi ndogo, aliwashukuru wafanyakazi wa maabara kwa ushirikiano wao.

Halafu akaeleza kwa nini sampuli haiwezi kutoka. Kwanza, haina mbadala, na vizazi vya madaktari vimejifunza kwayo. Pili, alichokiacha huyu mama hospitalini hakikuwa na rangi. Rangi ilitiwa na Idara, nta ni ya Idara, vioo ni vya Idara. Ukivitoa hivyo vyote, kinachobaki hakionekani kwa macho, na hatujui tumkabidhi nini. Tatu, mama mwenyewe amekiri mbele ya shahidi kwamba akitazama anaona madoa tu.

"Naona madoa kwa sababu ananinyooshea mikono," Fundi alisema.

"Ndiyo, mama," Naibu Mkuu alisema kwa upole. "Hilo limeandikwa."

Likaandikwa. Uamuzi ulikuwa kwamba ombi limepokelewa na linaendelea kushughulikiwa. Fundi alilitambua neno hilo lilipotamkwa. Akachukua kikapu chake, akawaaga wote kwa zamu, akatoka, na nyota kwenye lenzi zikageuka kuelekea ngazi.

Mama Vioo alimkuta chini, amekaa kwenye ukuta mfupi wa bustani.

"Nisikilize," alimwambia. "Kila muhula slaidi moja mbili zinavunjika. Tunaziandika zimevunjika, tunatupa. Leo ikivunjika moja nani atauliza? Nakupa kesho, ukazike."

Fundi alitafakari kidogo tu. "Wako themanini, lakini ni mmoja. Nikimzika huyo, hawa sabini na tisa nawaacha na nani? Na huyo mmoja nimzike kama aliyevunjika?"

"Nikivunja nyingi watanishika."

"Najua. Usivunje, dada. Umeshamkata mara moja inatosha." Alisema hivyo bila hasira.

Ilibaki wiki moja kabla ya marudio, na sasa Idara ilikuwa na tatizo la kweli, yaani tatizo lake yenyewe. Fundi alikuwa akija na kutoka kwa ajili ya makoti, na barua zake zilimzungusha ofisi hadi ofisi. Mikono ilikuwa haitulii, na wanafunzi wangechora ovyo tena. Kubadili mchoro wa kwenye fremu halikuwa jambo la kufikiriwa. Profesa alifikiri siku mbili, akapata ufumbuzi, na ufumbuzi ukapitishwa bila kupingwa. Fundi atakaa kwenye kiti, dirisha la kulia, kila mtihani. Asisogee mpaka kengele ilie. Anaruhusiwa kushona kwa mkono. Cherehani hairuhusiwi kwa sababu ya kelele.

Barua aliyopelekewa ilimwita mdau muhimu. Iliambatana na cheti cha shukrani kilichotiwa plastiki, chenye nembo ya chuo. Walimvisha kilemba cha ukoka, na plastiki juu yake isilowe. Sakafuni wakabandika alama ya msalaba kwa utepe mwekundu, kiti kikawekwa juu yake. Na kwa kuwa kanuni hairuhusu mtu asiye mwanafunzi wala mwajiriwa kuwemo ukumbini wakati wa mtihani, mtunza stoo alimwingiza kwenye daftari la vifaa, baada ya taa za akiba na kabla ya vitambaa vya kufutia lenzi. Idadi: moja. Hali: nzuri.

"Usikubali," Mama Vioo alimwambia, akiwa na hasira hadi masikio yanawaka. "Wanakuchezea hawa. Wamekunyima mtoto, sasa wanakutumia umshike atulie wakati wao wanamtazama!"

"Kule kwangu ni mbali," Fundi alijibu. "Ananyoosha mikono inapita ukuta, inapita stendi, inapita barabara yote ile, miaka ishirini na minane. Hapa kuna hatua nane. Acha apumzike."

Siku ya marudio alifika mapema, akakaa. Makoti yalikuwa mapajani, uzi mdomoni. Mama Vioo alichungulia hadubini ya kwanza, ya kumi, ya thelathini na nne. Mikono yote imelala kushoto kabisa, myororo, imegusana, na kwa mara ya kwanza ilikuwa mifupi kidogo, kama ya mtu asiyelazimika kujivuta. Wanafunzi wakachora walichokiona, na walichokiona kikafanana na fremu. Profesa alipita katikati ya meza, mikono nyuma, akitabasamu na mchoro wake.

Safari hii aliongeza swali dogo, maksi mbili: tishu hii asili yake ni nini? Jibu lililotakiwa lilikuwa kijusi, miezi mitano. Wanafunzi kumi na mmoja waliandika kwamba ni mtoto wa yule mama anayeshona dirishani. Habari ilikuwa imeenea bwenini, na isitoshe walikuwa wamemwona, wameiona na mikono. Wakapewa sufuri. Wakakata rufaa.

Idara ikaketi. Mjadala ulikuwa mrefu, kwa sababu hakuna mjumbe aliyetaka kusema kwamba jibu hilo ni la uongo. Hatimaye mwongozo wa kusahihishia ukaongezwa mstari mmoja, ambao Mama Vioo ndiye aliyeuchapa: "Jibu kwamba ni mtoto wa mama aliyeketi dirishani ni sahihi, lakini halipewi maksi."

Mama Vioo alichapa nakala mbili. Moja aliipeleka kwa Profesa, ya pili aliikunja na kumpa Fundi. Ilikuwa na nembo, ilikuwa na tarehe, ilikuwa na sahihi ya mkuu wa idara. Fundi aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Halafu akavaa kitambaa safi kichwani, akapanda kwa Katibu, akaiweka mezani kwake na kuinyoosha kwa viganja.

"Uliniuliza karatasi," alisema. "Hii hapa. Nipeni mwanangu."

Katibu aliisoma yote, polepole, mpaka nembo. Akakubali kwamba sahihi ni yenyewe. Akakubali kwamba maneno yanasema yanavyosema.

"Lakini mama," alisema, na uso wake ulikuwa na masikitiko ya kweli, "huu ni mwongozo wa mtihani. Ni waraka wa siri. Hauwezi kutumika nje ya chumba cha kusahihishia." Akaukunja, akautia ndani ya droo, akafunga kwa ufunguo. "Aliyekupa nani?"

Fundi hakumtaja. Alibaki amesimama, viganja bado viko mezani pale karatasi ilipokuwa. Katibu akatazama saa ya ukutani, akamkumbusha kwa upole kwamba darasa jingine lina mtihani saa nne na wanafunzi wamekwisha ingia.

Akateremka ngazi, akaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa dirishani.